Gari lilinoki, nikalinunua mara ya pili

Mshale wa joto ulipanda, nikaogopa. Baada ya dakika chache ukashuka wenyewe, nikamshukuru Mungu na kuendelea na safari. Hapo ndipo nilipoiua injini.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi gari lake liko gereji, boneti iko wazi, na fundi amesimama pembeni anasubiri jibu. Mimi nilijibu haraka mno mara ya kwanza, na mara ya pili nilichelewa hadi fundi akachoka kunipigia simu. Kuchelewa kulinisaidia zaidi.

Kwanza huo mshale. Kifaa kinachopima joto la injini hufanya kazi kikiwa kimezama kwenye maji. Maji yakikimbia, kinabaki kwenye mvuke na hewa, na kinaweza kuonyesha joto limeshuka wakati chuma kinaungua. Tena geji za magari mengi zimewekwa hivi kwamba mshale unatulia katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo, dereva asije akawa anashtuka kila mara. Kwa hiyo ukiuona umeondoka katikati, huenda mambo yameshaharibika kitambo. Na ukishuka ghafla bila wewe kusimama wala kuzima, usidhani ni unafuu, huenda ni maji yameisha. Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa nimebakiza kama kilomita 6, nikaona nisiwasumbue watu, nitafika.

Nilifika kwa moshi mweupe. Nikashuka na chupa ya maji ya baridi mkononi, tayari kufungua kifuniko cha rejeta. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akanishika kiwiko. "Mwanangu, acha. Hayo maji humo ndani yamebanwa, yana joto kuliko maji yanayochemka jikoni. Ukifungua yanakurukia usoni." Tukakaa tukasubiri. Yule mzee sikumwona tena, ila uso wangu uko salama kwa sababu yake, na huenda na hedi, kile kichwa cha chuma kinachofunika injini juu, iliponea palepale, maana maji ya baridi kwenye chuma chenye moto mkali huweza kukipasua.

Fundi wa kwanza alikuwa mchangamfu. Alifungua kifuniko cha oili, akanionyesha utando wa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, akasema, "Gasketi ya hedi tu hiyo, dada. Siku 3 unaondoka nalo."

Ile "tu" ndiyo iliyonimaliza. Niliposikia "gasketi tu" niliacha kuuliza maswali. Alichosema kilikuwa kweli, gasketi, ule utepe wa kuziba kati ya hedi na bloku (mwili wa injini), ilikuwa imekatika kweli, lakini kilikuwa nusu ya habari. Utando ule ulimaanisha maji yameshaingia kwenye oili, na oili iliyochanganyika na maji haiwezi tena kuzitenga beringi na krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya beringi hizo, inavyotakiwa. Na mimi nilikuwa nimeendesha kilomita 6 hivyohivyo. Swali la kuuliza halikuwa gasketi ni kiasi gani. Lilikuwa: huko chini kukoje?

Nitataja gharama bila kutaja fedha, kwa sababu bei hutofautiana kila mahali na kila mwaka. Chukua bei ambayo gari langu lingeuzwa likiwa zima, uiite 100. Kazi ile ya gasketi, pamoja na kuipeleka hedi ikasawazishwe kwenye mashine, ilinigharimu 12. Nililipa siku hiyohiyo bila kuomba karatasi ya vipimo. Baadaye nilijua kwamba uso wa hedi hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vipande vyembamba vya kupimia nafasi, na kwamba kwa injini nyingi kupinda kunakovumiliwa ni kama milimita 0.05, chini ya unene wa unywele wa wengi wetu. Hedi yangu ilisawazishwa. Uso wa bloku, pale inapokaa, hakuna aliyeupima. Karai la oili lililo chini ya injini halikufunguliwa. Oili ilibadilishwa mara moja, basi.

Siku ya 19 likaanza kugonga.

Mlio wa beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, ukishausikia hutausahau. Si kelele ya kitu kilicholegea. Ni kok-kok-kok kutoka tumboni, inakwenda na mguu wako: ukikanyaga mafuta inaharakisha, ukiachia inazidi kwa sekunde moja kisha inafifia. Taa nyekundu ya oili ilikuwa inapepesa nikisimama. Safari hii angalau nilikuwa na akili. Nilizima palepale, nikaita gari la kuvuta, na sikumwacha mtu yeyote "aliwashe kidogo asikie." Kila aliyefika alitaka kuliwasha kidogo asikie. Injini inayogonga, kila dakika inayozunguka inakula krenki, na krenki ndiyo inayoamua kama kuna cha kuokoa.

Nikalipeleka kwa fundi mwingine, mtu mzima, mpole, anayeongea kama vile maneno yanauzwa. Hakuliwasha. Aliweka beseni chini, akafungua nati ya oili, akakinga matone ya mwisho kwenye kiganja, kisha akatoka nje juani na kuniita. "Mama, angalia."

Kiganja chake kilikuwa kinametameta. Ungedhani amepakwa vumbi la dhahabu. Akapitisha sumaku ndogo juu yake, vumbi halikushtuka. Kisha akaikata filta ya oili kwa msumeno, akakunjua karatasi ya ndani kama mtu anayefungua barua, na ndani ya mikunjo kulikuwa na vipande vyembamba vyenye rangi ya shaba. Akanieleza kwa utulivu. Kingekuwa chuma, sumaku ingevuta. Beringi hutengenezwa kwa matabaka, la juu laini na la kijivu, na katika nyingi chini yake kuna tabaka lenye shaba. Ukiona shaba, tabaka la juu limeshaliwa.

Nililia kidogo, nakiri. Si kwa ajili ya gari. Nililia kwa sababu ya zile 12, na kwa sababu ya kujiona mjinga mbele ya mtu mwenye kiganja kinachometameta.

Jioni ile mume wangu alisema jambo ambalo nadhani kila nyumba yenye gari bovu limewahi kusemwa: "Tumeshatia 12 kwenye hilo gari. Tukiliacha sasa zinapotea." Nami nilikuwa nimefikiri hivyohivyo njia nzima. Lakini zile 12 zilikuwa zimepotea tayari. Zilipotea siku niliyolipa, zitakuwa zimepotea tukitengeneza, zitakuwa zimepotea tukiuza, zitakuwa zimepotea tukilichoma moto. Maji yakishamwagika hayazoleki, tunausema msemo huu kila siku, ila ukija kwenye gari lako mwenyewe unajikuta umeinama na kikombe. Tulikubaliana kuwa 12 haziandikwi kwenye daftari. Ugomvi wetu mwingi uliisha hapo.

Nilimwambia fundi naomba siku 7, na kwamba asifungue chochote. Hili la kutofungua nalisisitiza. Gari zima lenye injini iliyonoki lina mnunuzi. Gari ambalo injini yake iko kwenye ndoo 4 na boksi la nati, mnunuzi wake ni mmoja, naye ni fundi aliyelifungua, kwa bei atakayotaka yeye. Lipia uchunguzi peke yake, ulipie kama kazi inayojitegemea, upate jibu, kisha ukae nyumbani.

Ndani ya siku 7 nilikusanya namba nne. Kuunda upya injini yangu ileile, yaani kutoa kila kitu, kuchonga krenki, kuweka beringi mpya, pistoni na ringi: 55, na fundi akasema wazi kwamba hiyo ni iwapo krenki inachongeka, akaifungua akakuta imekwisha, bei inapanda. Kuweka injini iliyotumika kutoka kwenye gari jingine: 38 pamoja na ufundi. Kuliuza kama lilivyo: niliwauliza watu watatu, aliyefika mbali zaidi alitoa 30. Na kununua gari la aina hiyohiyo, umri uleule, likiwa zima: 100.

Kulikuwa na namba ya tano ambayo sikuiomba. Mtu mmoja ninayemheshimu aliniambia nitie oili nzito kabisa, niliwashe asubuhi likiwa la baridi, mlio utapungua, nimwonyeshe mnunuzi haraka haraka. Ningepata pengine 75. Sitajifanya mtakatifu, nililala na wazo hilo usiku mmoja mzima. Kilichonizuia si dini peke yake. Nilimwazia mtu ambaye siku chache baadaye angesimama barabarani na watoto nyuma.

Kosa langu kubwa lililofuata lilikuwa la hesabu, na nadhani wengi wanalifanya. Nilikuwa nalinganisha 38 na 100 na kuona ni mteremko. Fundi ndiye aliyenirudisha, kwa swali moja: "Mama, hilo gari hapo lilipo ni la bure?" Si la bure. Kuna mtu yuko tayari kunipa 30 leo. Nikilibakiza, nimezikataa 30 hizo, ambayo ni sawa na kulinunua upya kwa 30 likiwa bovu. Kwa hiyo kulibakiza si 38. Ni 30 na 38, jumla 68. Na kuunda injini upya si 55, ni 85, kwa gari ambalo siku likikamilika linauzwa 100 nikibahatika.

Basi ikabaki swali la pili: hilo gari ninalolinunua upya, ukiacha injini, ni gari la namna gani? Watu husahau kuliuliza kwa sababu wamezoea kuliona kila siku. Nikalikagua kama mgeni. Tulivuta kijiti cha oili ya giaboksi, tukanusa. Oili haikuwa na harufu ya kuungua wala haikuwa nyeusi. Tukalala chini kutafuta kutu kwenye fremu, hatukukuta ya kutisha. Tairi zilikuwa na mwaka mmoja. Bushi za mbele na shokapu mbili zilikuwa zimechoka, nikaandika 7. Giaboksi ingekuwa inashtuka au fremu imeliwa, ningechukua zile 30 na kuaga. Sioni sababu ya kutia moyo mpya kwenye mwili wenye mguu mmoja kaburini.

Hesabu yangu ikawa 30, 38 na 7. Jumla 75, dhidi ya 100 kwa gari la mtu nisiyemjua, ambalo nalo lingekuja na madai yake ya mwezi wa kwanza. Tofauti ya 25 ndiyo ilikuwa kinga yangu. Nikaandika kwenye daftari, kwa wino, kwamba fedha mpya nitakazotoa hazitazidi 50. Mume wangu akatia sahihi chini yake kwa utani.

Zilizidi. Nitawaeleza zilikoponyokea.

Injini iliyotumika ni kama kununua tikiti kwa kuligonga kwa kidole. Nilikwenda na fundi wangu, sikumtuma peke yake na sikwenda peke yangu. Alifungua kifuniko cha oili akaangalia kama kuna utando, akatoa plagi zote akazipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake, kisha akawaomba waizungushe kwa stata huku akipima mgandamizo wa kila silinda. Alichokuwa anatafuta zaidi ni silinda kukaribiana. Nne zikipishana kidogo, sawa. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, tunaondoka. Ya kwanza tuliikataa kwa sababu hiyo. Muuzaji alikasirika, akasema wateja wengine hawapimi. Ya pili ikapita.

Tuliomba maandishi: namba ya injini, siku za kurudisha, na nini kimo kwenye bei. Hili la mwisho lilituokoa na baya zaidi, maana injini huweza kuuzwa na altaneta, stata na vihisi vyake, au ikauzwa uchi. Hata hivyo, ilipofika ikaonekana soketi mbili za vihisi haziingiliani na nyaya zangu, ingawa herufi za aina ya injini ni zilezile. Fundi wa umeme akala 1. Maunti za injini, zile mpira zinazoishika isitikisike, tulipozitoa zilikuwa zimepasuka: 3. Mkanda wa taimingi, pampu ya maji, thamostati na sili za krenki: 5. Hizi nilipaswa kuziweka kwenye hesabu tangu mwanzo, kwani injini ikiwa nje kuzibadilisha ni kazi ndogo, ikisharudi ndani unalipa ufundi upya. Na kwa injini ambazo mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni, kuacha mkanda wa mtu mwingine ambao hujui umri wake ni kualika msiba uleule kwa mlango wa pili.

Rejeta ilikuwa 4, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Tuliitoa, fundi akamimina maji juu, yakatoka chini kama machozi. Nusu ya mirija ilikuwa imeziba. Ndiyo iliyoanzisha yote. Fundi wa kwanza alibadilisha gasketi akaiacha rejeta ileile mbele yake. Ningefunga injini nyingine juu ya rejeta ile ningeichemsha nayo. Ukilipia kitu kilichokufa, lipia pia kujua kilichokiua.

Jumla ya injini na vyote vilivyoandamana nayo ikawa 51, na bushi na shokapu 7, yaani 58. Nilivuka kikomo changu kwa 8. Ukijumlisha na zile 30, gari limenigharimu 88 badala ya 75. Kinga yangu ya 25 imebaki 12, idadi ileile niliyomlipa fundi wa kwanza. Nilicheka nilipoiona, kicheko kisicho na furaha.

Mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia. Bima yangu haikulipa hata senti, kwa kuwa bima za kawaida za gari hushughulikia ajali, moto na wizi, si injini kufa yenyewe. Nilipoteza siku mbili kupiga simu. Pili, injini mpya ina namba yake, na mahali pengi namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari. Fuatilia kuibadilisha ukiwa bado na risiti na muuzaji bado anapokea simu yako. Usingoje siku ya kuuza.

Gari lilikaa gereji wiki 5. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyekatwa miguu. Wiki ya nne niligundua kwamba siku za kazi silihitaji sana, nahitaji Jumamosi na safari za wazee. Ningeligundua hilo kabla ya kuamua, daftari lingekuwa na mstari mwingine, na sijui kama ningetoa 58. Ndiyo maana nasema siku 7 zilikuwa chache. Kaa bila gari wiki mbili kama unaweza, uone linakukosesha nini hasa.

Siku lilipotoka, fundi alinipa bahasha ndogo. Ndani kulikuwa na beringi moja ya injini ya zamani, nusu duara, upande mmoja wa kijivu na katikati doa la shaba lenye upana wa dole gumba. Naiweka kwenye droo ya dashibodi. Baada ya kilomita 1,000 tulimwaga oili tukakata filta tena, yeye na mimi, tukakunjua karatasi juani. Hakukuwa na kitu. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha, navuta kijiti cha oili na kuangalia maji, na nikiwa njiani jicho moja liko kwenye mshale. Mume wangu anasema naendesha kama mtu anayechunga mgonjwa.

Wiki iliyopita yule aliyenipa ofa ya 30 amepiga simu. Amesikia gari linatembea. Ametoa 80. Nimemwambia anipe siku chache, nikaenda kulitafuta lile daftari.